Fimbo ya Hoki na Bibi Meya

Sogeeni, wanangu. Leo mjomba anyamaze kidogo. Leo inasema fimbo ya hoki, mchezo wa Kanada unaochezwa juu ya barafu.

"Mimi," ikaanza fimbo, "nilishikwa na msichana mfupi, mwepesi, mkaidi. Akianguka, huyo, ameinuka! Ni Hazel McCallion, mzaliwa wa Port-Daniel, Quebec, mwaka 1921. Kule Montreal alilipwa dola 5 kwa mechi. Msichana, zama zile! Baadaye akawa meya."

"Meya ni nani?"

Swali zuri hilo, mwanangu! Fikiria ua wenye nyumba nyingi. Taka zitupwe wapi? Mfereji ukiziba, nani aite fundi? Pesa za mchango atunze nani? Ua ukikua hadi ukaitwa mji, wa kuulizwa yote hayo ndiye meya.

Hazel alianzia Streetsville, kimji kidogo. Mwaka 1978 akachaguliwa meya wa Mississauga, jirani na Toronto. Hata mwaka haujatimia, balaa! Usiku wa tarehe 10 Novemba 1979, ekseli ya behewa la treni iliyokuwa ikipita mjini humo ilipata moto kwa kukosa mafuta ya kulainisha. Gurudumu likachomoka. Mabehewa yakapinduka, gesi ikalipuka, tangi likavuja klorini.

"Klorini si dawa ya maji?"

Hiyo hiyo, hodari wangu! Kidogo huua vijidudu. Ikijaa hewani, huunguza mapafu. Basi watu zaidi ya 200,000 wakahamishwa. Hakufa hata mmoja. Hazel akateguka kifundo cha mguu. Akakaa kitandani? Wapi! Akachechemea kwenda kuwapa watu habari. Akianguka, huyo, ameinuka!

Wakamwita Kimbunga. Alikuwa mkali, na wapo waliomnung'unikia. Mji nao ulitapakaa mno juu ya mashamba, hadi kwenda popote ni gari. Hilo mjomba halisifii.

"Alikaa miaka mingapi?"

Miaka 36! Mara 12 walimchagua. Chaguzi za mwisho hakufanya kampeni. Waliotaka kumchangia aliwaambia wawape wenye shida. Akang'atuka mwaka 2014, ana miaka 93. Alifariki mwaka 2023, ana miaka 101.

"Na wewe fimbo, alikusahau?"

"Thubutu!" ikafoka fimbo. "Mwaka 1987 wanawake wa nchi mbalimbali walikuja kushindania kombe la hoki, nalo likapewa jina lake. Unajua nani walilichukua? Kanada!"