Huffy: baiskeli inayosimamishwa kwa mguu

Mpe mtoto wa miaka mitano breki ya mkono: mara nyingi vidole vyake havifiki, na vikifika havina nguvu ya kuibana. Miguu yake, kwa upande mwingine, imebeba mwili mzima tangu alipoanza kutembea. Ndiyo maana kanuni za usalama za Marekani zinataka baiskeli ya mtoto mdogo ambayo kiti chake kinafikia kimo cha sentimita 56 kutoka ardhini iwe na breki ya mguu. Kwa miongo mingi maduka makubwa ya nchi hiyo yamejaa baiskeli za namna hii, na moja ya majina yanayojulikana sana ni Huffy.

Je, wajua kwamba Huffy imetokana na cherehani? George P. Huffman alikuwa na kiwanda cha cherehani za Davis mjini Dayton, Ohio, na mwaka 1892 kiwanda hicho kikaanza kuunda baiskeli. Mwaka huohuo, katika mji huohuo, ndugu Wilbur na Orville Wright walifungua duka lao la baiskeli, miaka 11 kabla ya kurusha ndege. Mwaka 1924 Horace, mwana wa Huffman, alianzisha kampuni ya Huffman Manufacturing. Mwaka 1949 kampuni hiyo ikatoa Huffy Convertible, baiskeli ya mtoto yenye magurudumu mawili madogo ya kuegemea nyuma.

Breki yenyewe imefichwa ndani ya habu ya nyuma, penye skrubu nene na koni ya chuma. Mtoto akikanyaga kwenda mbele, skrubu huvuta koni upande wa mnyororo hadi ing'ang'anie ganda la habu, na gurudumu huzunguka. Akituliza miguu, koni hulegea na baiskeli huserereka. Akikanyaga kinyumenyume, koni husukumwa upande wa pili na kutanua vipande vya chuma vinavyosugua ganda kwa ndani. Hapana kebo ya kukatika wala raba ya kulowa mvua.

Vigari vya betri vya kupandwa na watoto, ambavyo Huffy nayo huviuza, hutegemea mguu vilevile. Kanyagio ni swichi tu: likikanyagwa, umeme wa betri ya volti 6 au 12 huenda kwenye mota. Katika vigari vingi, mguu ukiinuka swichi hukata betri na kuunganisha ncha mbili za mota. Magurudumu yanayozunguka bado huizungusha mota, nayo hugeuka kuwa dainamo inayojipinga. Aliyewahi kuendesha baiskeli yenye taa ya dainamo anajua pedeli zinavyokuwa nzito taa ikiwaka. Nguvu hiyohiyo ndiyo inayosimamisha kigari. Mtoto akishtuka na kuondoa mguu, tayari ameshafunga breki.

Tukirudi kwenye baiskeli, magurudumu madogo ya kuegemea yana kasoro moja. Yanamfundisha mtoto kukanyaga na kufunga breki, lakini hayamfundishi mizani. Baiskeli husimama wima kwa sababu mwendeshaji hugeuza usukani upande anaoelekea kuangukia, na palipo na gurudumu la kumzuia asianguke, hana sababu ya kujifunza hilo. Njia bora ni kuyafungua, kung'oa pedeli kwa muda, kushusha kiti mpaka nyayo zote mbili zikanyage chini, kisha kumwacha mtoto ajisukume kwa miguu.

Maduka makubwa yaliikuza Huffy, na yaleyale yakaibana kwa bei. Kuna wakati oda ya Walmart ya baiskeli za bei nafuu iliizidi uwezo, ikabidi iwakabidhi washindani wake michoro ya baadhi ya baiskeli zake zenye faida zaidi ili wao waziunde. Mwaka 1998 ilifunga kiwanda chake cha Celina, Ohio, na wafanyakazi zaidi ya 900 wakakosa kazi. Mwaka 2004 kampuni iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai, na wadai wake wa China wakaishia kuimiliki. Wateja walipata baiskeli ya bei rahisi. Watu wa Celina ndio waliolipa gharama.

Baiskeli ya dukani kwa kawaida husafirishwa ndani ya boksi ikiwa imeunganishwa nusu tu, na anayeimalizia huenda ana haraka. Kwa hiyo, kabla mtoto hajapanda, chukua spana. Hakikisha uma wa mbele haukufungwa kinyume. Kisha tazama ubavuni mwa gurudumu la nyuma: kuna mkono mwembamba wa chuma uliofungwa kwenye fremu kwa kibanio na nati. Mkono huo ndio unaoizuia breki isizunguke pamoja na gurudumu. Nati yake ikilegea, mtoto anaweza kukanyaga kinyumenyume kwa nguvu zake zote na baiskeli isisimame. Ikaze nati hiyo kwanza.