Feritini Juu, Ini Lina Mafuta: Pesa Ianzie Wapi?

Majibu yakija pamoja huchanganya. Karatasi ya utrasaundi imeandikwa ini lina mafuta. Ya damu inasema feritini, protini inayohifadhi madini ya chuma mwilini, imepita kiwango. Maabara nyingi huweka kikomo karibu na 300 kwa mwanamume na 200 kwa mwanamke. Kabla hujafika nyumbani umeshapata washauri: huyu anauza chai ya kusafisha ini, yule anasema ukatolewe damu, mwingine anakusukuma kwenye MRI. Mimi ningewaweka wote kando kwanza, pesa ya mwanzo niipeleke kwenye kipimo kingine cha damu ambacho wengi hawakiulizii.

Kipimo hicho kinaangalia transferini, mchukuzi wa chuma kwenye damu, kujua ni asilimia ngapi ya nafasi zake zimejaa. Feritini peke yake haitoi jibu: hupandishwa na homa, pombe, kisukari, uvimbe wowote, na mafuta ya ini yenyewe. Kati ya watu wenye ini la mafuta, kama theluthi moja huwa nayo juu. Transferini ikiwa imejaa chini ya asilimia 45, mara nyingi shida kuu ni mafuta, na chuma kimefuata nyuma. Ikizidi hapo, rudia asubuhi kabla hujala kitu. Ikizidi tena, hapo ndipo nauli ya kwenda kwa daktari bingwa na gharama ya MRI vina maana. Feritini ikipita 1,000, usingoje hata kurudia.

Si kwamba chuma hakina hatia. Mwili wa mtu mzima una gramu 3 hadi 4 tu za madini haya, na hauna njia ya makusudi ya kuyatoa: hupoteza miligramu 1 au 2 kwa siku, basi. Ini ndilo bawabu, kwani hutengeneza hepsidini, homoni inayouzuia utumbo usipitishe chuma zaidi ya mahitaji. Ini likijaa mafuta, mpango huo huvurugika na chuma hunasa ndani ya seli, kikachochea kemikali zinazouma seli hizohizo na kuidhoofisha kazi ya insulini. Watafiti wa Ufaransa waliueleza uhusiano huu mwaka 1997.

Kwa hiyo wazo la kutoa damu lina mantiki. Mfuko mmoja huondoka na miligramu 200 hadi 250 za chuma, kiasi ambacho mwili peke yake ungekitoa kwa miezi. Lakini utafiti wa Australia uliochapishwa mwaka 2015 uliwatoa damu wagonjwa wa ini la mafuta kwa miezi 6, na mafuta hayakupungua kuliko kwa wale waliopewa ushauri wa chakula na mazoezi pekee. Kulipia huduma hiyo kama tiba ya mafuta ni hasara. Kuchangia damu ni jambo jingine: ni bure, mwanamume anaruhusiwa kila miezi 3, mwanamke kila miezi 4, na kuna mama mzazi anayeihitaji. Waeleze tu hali ya ini lako, waamue wao.

Wapo ambao kwao chuma ndicho ugonjwa wenyewe. Wenye selimundu wanaoongezewa damu mara kwa mara hupokea miligramu hizohizo 200 na ushei kwa kila mfuko. Kusini mwa Afrika, pombe ya kienyeji iliyopikwa kwenye mapipa ya chuma iliwajaza watu madini hayo kwa vizazi. Ugonjwa wa chuma wa kurithi unaojulikana zaidi, ambao jeni yake iligunduliwa mwaka 1996, ni wa watu wenye asili ya Ulaya kaskazini. Huku kwetu ni nadra.

Palipo na akiba ya haraka ni kwenye rafu ya duka la dawa. Chukua boksi la vidonge vya kuongeza damu, ugeuze usome nyuma. Ferasi salfeti miligramu 200 ina chuma halisi miligramu 65. Ferasi fumareti 200 nayo ni 65. Ferasi glukoneti 300, namba iliyo kubwa kuliko zote kwenye boksi, ina 35 tu. Mwanamume mzima anahitaji miligramu 8 kwa siku na huzipata kwenye maharage, dagaa, mchicha na unga ulioongezwa virutubisho. Anayekunywa dawa hizi "kwa ajili ya nguvu" bila kupimwa damu ananunua mzigo kwa pesa yake.

Chai za kusafisha ini sina la kuzisemea, ila kwamba baadhi ya mitishamba imewahi kuliumiza ini lilelile. Bora kahawa chungu ya kijiweni: tafiti nyingi zinaihusisha na makovu machache ya ini. Kashata ibaki kwenye sinia.

Kinachopunguza mafuta ni uzito. Mwenye kilo 80 akipunguza 4, mafuta huanza kuondoka; akifika 8, hata makovu yanaweza kurudi nyuma. Soda ndiyo ya kwanza kukatwa, na hiyo inakurudishia pesa. Kujua kama kuna makovu, mwombe daktari akokotoe FIB-4 kwa umri wako, vimeng'enya viwili vya ini na chembe sahani, vitu ambavyo huenda tayari viko kwenye karatasi zako. Ikiwa chini ya 1.3, na hujafika miaka 65, kipimo ghali cha ugumu wa ini kinaweza kusubiri.

Mjamzito aliyepewa vidonge vya chuma kliniki asiviache kwa sababu ya makala haya. Mahitaji yake ni miligramu 27 kwa siku. Vikibaki baada ya kujifungua, mume asivimalizie.