Kolwezi: nkambo aliyeweka kiti juu ya shimo

Siku ya Mungu kisha misa, sisi wajukuu tunapita kwa nkambo. Yeye anakaa chini ya muembe, redio ku magoti, na kila mumoja anamusalimia kwa mikono miwili mbele ya kukamata kiti. Kwanza anauliza bei ya bunga. Anaijua kuliko wamama wenye kwenda ku soko, na anajua kama makamyo ya Zambia yamepita ao bado. Kisha anauliza mupira. Yeye ni mutu wa Mazembe tangu ilipoitwa Englebert, ilipokamata kombe la Afrika mwaka 1967 na 1968. Mwaka 2010, timu ilipofika fainali ya klabu za dunia na kupigwa 3-0 na Inter, wote tulinyamaza. Yeye alisema tu: "Tulifika. Bengine hata njia habaijue."

Lakini leo hatuandiki juu ya mupira. Tunaandika juu ya shimo.

Nkambo alizaliwa mwaka 1937. Aliingia ku mine mwaka 1956, akatoka na pansioni mwaka 1992. Ni miaka 36, na mingi aliifanya chini ya udongo. Alizaa watoto saba, na sisi wajukuu tuko kumi na tisa. Mumoja wetu anafanya kazi ya sendika, njo yeye anayeshika kalamu hii.

Watu wa Kolwezi wanajua namna mambo ilianza. Mwaka 2014, kule Kasulo, mutu alichimba ndani ya parseli yake akakuta heterogenite, lile jiwe jeusi lenye kobalti. Haikupita wakati murefu, mutaa ukawa sawa vile chekecheo: mashimo ndani ya vyumba, nyuma ya jiko, chini ya ukuta. Kuna waliojenga nyumba kwa ile mali, na kuna waliozikwa ndani yake. Mwaka 2017 familia nyingi zilihamishwa, fasi ikazungushwa ukuta. Mutaa wetu si Kasulo. Lakini udongo ni ule ule, na njaa ya vijana ni ile ile.

Mita tatu nyuma ya jiko

Mwaka jana nkambo alienda ku kilio Likasi, akakaa siku tatu. Aliporudia alikuta udongo umerundikwa karibu na jiko, na ndugu zetu watatu wenye vumbi mupaka ku kope. Walikuwa wamefika mita tatu.

Hakupiga kelele. Alilomba mbao mbili, akazilaza juu ya shimo. Akalomba kiti chake, akakiweka juu ya mbao, akakaa. Alikula bukari na sombe pale pale. Usiku aliingia kulala, asubui akarudia ku kiti chake. Siku ya pili jamaa yote ikaitwa.

Nkambo alianza na kazi aliyoijua. Alisema: "Bana bangu, mine ya chini haisimamake juu ya ile munatosha. Inasimamaka juu ya ile munaacha. Tulikuwa tunaacha nguzo, na nguzo ile iko na mali ndani. Unaiona, inang'aa mbele ya lampi yako, na hauiguse. Siku unaigusa, mulima unashuka." Akatukumbusha mwaka 1990, Kamoto ilipoanguka. Wazee wote pale waliinamisha kichwa. Kila mutu wa hapa aliyekuwa mukubwa mwaka ule anakumbuka alikuwa wapi habari ilipofika.

Ndugu yetu mudogo, mwenye diploma ya mekaniki, alisimama. Alisema kwa heshima, lakini alisema: "Nkambo, wewe kampuni ilikupatia poso, nyumba, hospitali, na masomo ya watoto. Mi niko natumika kwa musutretani, kontra ya miezi mitatu. Ikiisha wanasema urudie nyumbani, tutakuita. Mutoto akigonjwa, ni mi na mufuko wangu. Nguzo mulituachia iko wapi?"

Sisi wa sendika tulitazama chini. Lile neno lilitugusa sisi pia.

"Nilifunga dirisha"

Nkambo alikaa kimya wakati murefu. Kisha alisema jambo ambalo hatukuwahi kulisikia kwake.

Yeye na nkambo mwanamuke, Mungu amupumzishe, waliingia Jamaa hapa hapa Kolwezi, wakati Padri Placide Tempels alipokuwa bado anafundisha. Wazee wanakumbuka yale mafundisho: uzima, uzazi na mapendo, bwana na bibi kuwa na wazo moja, na kila aliyeingia anaitwa baba ao mama, hata awe wa kabila gani. Ku mulango wa pili wa mutaa wetu wa zamani kulikuwa baba mumoja wa Jamaa, mutu wa Kasai. Walitumika naye pamoja chini ya udongo miaka kumi na nane. Siku moja jiwe lilianguka, yule baba akamuvuta nkambo kwa mukanda.

Mwaka 1993, watu wa Kasai walipofukuzwa Kolwezi, yule baba alipita mbele ya nyumba na bibi yake na watoto, wamebeba magodoro, wanaenda ku gari la moshi.

"Nilifunga dirisha," nkambo akasema. "Niliogopa batu batasema niko upande wao. Nilikuwa nimeona mingi. Niliona mwaka 1960, Katanga inajitenga. Niliona vita ya 1978 hapa Kolwezi. Niliimba na kucheza kwa ajili ya Mobutu, maana kila mutu alicheza. Nikajiambia politiki inapita, mi nichunge nyumba yangu. Lakini yule hakukuwa politiki. Yule alikuwa nguzo, na tuliitosha. Munauliza nguzo iko wapi? Sisi wenyewe tulianza kuzikula."

Hakuna aliyejibu. Mama yetu mukubwa alilia.

Shimo likawa choo

Kisha nkambo akauliza sisi wa sendika: "Na nyinyi, munahesabu nani?" Tulijibu kwamba tunahesabu wafanyakazi wenye kontra ya kampuni. Akauliza: "Na huyu wa miezi mitatu?" Tulianza kueleza sheria na namna ya kuchagua wajumbe. Alitukata maneno kwa mukono.

Baba yake nkambo alikuwa Élisabethville mwaka 1941, wakati wafanyakazi wa Union Minière walipoacha kazi juu ya mushahara. Tarehe 9 Desemba askari walipiga risasi ku uwanja wa mupira. Watu wengi walikufa, na Léonard Mpoyi aliyewasemea alikuwa katikati yao. "Ile wakati," nkambo akasema, "mutu mweusi hakukuwa na ruhusa ya sendika. Hakuna mutu aliuliza mwenzake karatasi mbele ya kusimama naye."

Sasa shimo. Nkambo hakukubali lifike hata senti moja mbele. Lakini yeye ni mutu wa kazi, hapendi nguvu ipotee. Alichungulia kati ya mbao, akasema: "Mita tatu ni mingi, na choo cha zamani kimejala. Mujenge choo." Tulicheka mupaka mama mukubwa akapanguza machozi. Leo choo kiko pale, na mulango wa bati.

Hatutaki kudanganya musomaji kwamba kila kitu kilitengenezwa. Yule wa diploma kontra yake iliisha, haikuanzishwa tena. Anachimba mbali na muji, pamoja na vijana wengine. Nkambo hakumubariki na hakumulaani. Kila jioni anamuuliza maulizo yale yale: mulikata miti ya kushikilia? pumzi inaingia? muko wangapi chini, na nani anabaki juu ya kuita?

Sisi ku sendika tulifungua daftari ya watu wa musutretani. Si sheria iliyotuambia, ni haya. Walioandika majina bado ni wachache, wengi wanaogopa kontra isikatwe. Jina la kwanza ni la ndugu yetu, tuliloliandika wakati alipokuwa bado kazini. Hatukulifuta.

Juma iliyopita Mazembe ilicheza siku ya posho, mechi ikaisha mapema. Nkambo hakuzima redio. Aliiacha iseme matangazo ya kilio, bei ya sementi, nyimbo, kila kitu. Tukamuuliza anasikiliza nini. Hakujibu. Mulango wa parseli ulipolia, ndugu yetu akaingia na vumbi lake, njo nkambo akapeleka mukono ku kifungo.