Mwepu Ilunga, mlinzi aliyechekwa na dunia yote



Watoto wetu wa Kimanga wakicheza mpira kwenye avenue ao mchangani kando ya ziwa, kila mmoja anataka kuwa mtu wa kufunga goli. Golini wanamweka aliye mdogo kuliko wote, na mpira ukiingia, yeye ndiye anayechekwa. Ndiyo maana juma hili tumechagua habari ya watu wa kuzuia, na kwanza habari ya mtu wa inchi yetu ambaye dunia ilimcheka miaka mingi bila kumuuliza.

Mwaka wa 1974 inchi yetu iliitwa Zaïre, na timu yake ilikuwa na nguvu. Mwezi wa 3 ilichukua Kombe la Afrika kule Misri. Fainali ilirudiliwa, ikaipiga Zambia 2-0, na Mulamba Ndaye akafunga magoli yote mawili. Ndaye alifunga magoli 9 katika shindano lile, na hata leo hakuna aliyempita. Kisha timu ikaenda Kombe la Dunia, Ujerumani ya Magharibi. Ilikuwa timu ya kwanza ya Afrika ya kusini ya Sahara kufika huko.

Mchezo wa kwanza Scotland iliwafunga 2-0. Hiyo haikuwa haya. Lakini mbele ya mchezo wa pili wachezaji walisikia kwamba feza walizoahidiwa hawatazipata. Mwepu Ilunga, mlinzi wa upande wa kuume, alieleza baadaye kwamba kwanza walikataa kucheza. Mwishowe waliingia uwanjani bila moyo, na Yugoslavia ikawafunga 9-0. Sisi wamama tunalijua jambo hili. Mtu akilima shamba la mwingine siku nyingi kisha akaambiwa hakuna malipo, mikono yake inakufa mbele ya jembe.

Rais Mobutu alikasirika. Mwepu alisimulia kwamba walinzi wa rais walikuja hotelini, wakawazuia waandishi wa habari kuingia, na kuwaambia wachezaji kwamba wakifungwa magoli 4 na Brazil, hakuna atakayerudi nyumbani.

Siku ya Posho, tarehe 22 mwezi wa 6, wakaingia uwanjani Gelsenkirchen. Brazil ndiyo iliyokuwa imechukua Kombe la Dunia la 1970, na siku ile ilihitaji kushinda kwa magoli 3 ili isonge mbele. Brazil ilitafuta la 3, na watu wetu waliogopa la 4.

Mchezo ukikaribia kwisha, Brazil ikapata mpira wa adhabu karibu na goli letu. Wachezaji wetu wakapanga ukuta. Mwamuzi akapiga filimbi. Mbele Mbrazil yeyote hajaugusa mpira, Mwepu akatoka mbio ukutani na kuupiga mbali sana. Mwamuzi akampa kadi ya manjano. Wabrazil wakashangaa, watu wakacheka. Miaka mingi televisheni za inchi nyingine zilionyesha picha zile kama kichekesho, na kusema kwamba Waafrika hawa hawakujua hata sheria za mpira.

Mwepu alizijua sheria. Ni nani anachukua Kombe la Afrika bila kuzijua? Wakati mmoja alisema alitaka afukuzwe uwanjani, kwa sababu hakuona faida ya kujichosha kwa ajili ya watu waliokula feza yao. Wakati mwingine alisimulia vitisho vya hotelini. Kwetu sisi, maneno hayo mawili hayapigani. Hasira na woga vinaweza kukaa ndani ya moyo wa mtu mmoja, siku moja.

Mchezo uliisha 3-0. Goli la 4 halikuingia, na wachezaji wakarudi nyumbani. Mwepu alifariki mwaka wa 2015. Ndaye, yule wa magoli 9, alifika kuishi kama mkimbizi Afrika ya Kusini.

Miaka 36 kisha Gelsenkirchen, mwezi wa 12 mwaka wa 2010, TP Mazembe ya Lubumbashi, timu ambayo Mwepu aliichezea zamani, ilikutana na Wabrazil wa Internacional kule Abu Dhabi, katika Kombe la Dunia la timu za vilabu. Golini alisimama Robert Kidiaba. Wabrazil walipiga na kupiga, Kidiaba akazuia yote. Mazembe ikashinda 2-0, ikawa timu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya shindano lile. Kidiaba akakaa chini na kurukaruka kwa makalio juu ya majani, kama kawaida yake. Dunia ikacheka tena, lakini safari hii ilicheka pamoja naye. Fainali waliipoteza 3-0 mbele ya Inter ya Milano, lakini furaha ya siku ile haikufutika.

Wamama, kazi ya kuzuia sisi tunaifahamu. Ukichemsha maji na kunawisha watoto mikono, kolera isipoingia nyumbani mwako, hakuna anayekupigia makofi. Watu wanaona tu siku goli limeingia.

Basi juma hili, watoto wakicheza, tuwaambie wabadilishane golini, wakubwa nao wasimame pale. Anayezuia mpira, tumpigie makofi kama anayefunga. Na magaribi, wakikaa kungojea chakula, tuwasimulie habari ya Mwepu. Wakimwona mtu anafanya jambo la ajabu mbele ya watu, wamuulize kwanza kilichompata, mbele ya kumcheka.