Goti bandia: Samaki mkunje angali mbichi

MGONJWA wa Isiolo anayebadilishiwa goti katika hospitali ya Kijabe au ya Kikuyu huruhusiwa kurudi nyumbani baada ya siku chache tu, kidonda kikiwa bado kibichi. Mbele yake huwa na safari ya karibu kilomita 300, na kazi ambayo hakuna daktari awezaye kumfanyia: kulirejeshea goti mwendo wake.

Wengi huchanganya mambo mawili. La kwanza ni unyofu wa mguu. Gegedu la goti likichakaa upande mmoja kwa miaka mingi, mguu huingia tege. Daktari hukata ncha za mifupa na kupachika goti bandia ili uzito upite katikati ya goti, kutoka nyongani hadi kwenye kifundo. Kazi hiyo huishia mezani pa upasuaji. Mazoezi hayanyooshi mfupa. Aliyezoea tege huenda akauona mguu mpya kuwa mrefu au mgeni, lakini hisia hiyo kwa kawaida hupungua misuli inapozoea.

La pili ni mwendo, na hapa mgonjwa ndiye mwenye usukani. Kovu hujijenga ndani ya goti tangu siku za kwanza. Katika wiki sita za mwanzo bado ni laini. Likiachwa miezi mitatu, hukakamaa, na huenda mgonjwa akalazimika kurudi hospitalini kukunjwa goti akiwa amepewa dawa ya usingizi.

Kosa la kawaida ni kulaza goti juu ya mto. Maumivu hupungua, lakini goti hupona likiwa limepinda na mgonjwa huchechemea. Mto au taulo iliyokunjwa iwekwe chini ya kisigino, kisha goti lishinikizwe chini kwa kukaza msuli wa paja kwa sekunde tano, mara kadhaa kila siku. Kwa kukunja, mgonjwa aketi kitini na kuvuta unyayo nyuma taratibu. Dawa ya maumivu aliyoandikiwa ikimezwa nusu saa kabla, zoezi huvumilika.

Kutembea mahali tambarare huhitaji goti likunjike nyuzi 70 hivi, na kupanda ngazi takriban 90. Wengi hufikia kati ya 110 na 120. Kuchutama chooni au kuketi baina ya sijida huhitaji zaidi ya hapo. Kwa hiyo familia yenye choo cha shimo itengeneze kiti cha chooni kabla ya upasuaji, na Mwislamu aandae kiti cha kuswalia, kwani dini humruhusu mgonjwa kuswali ameketi.

Kwa wakazi wa mbali kama Merti na Garbatulla, ni busara kujifunza mazoezi hayo kabla ya kutoka hospitalini na kupanga mapema miadi na mtaalamu wa tiba ya viungo aliye karibu. Njiani, gari lisimame mara kwa mara ili mgonjwa atembee kidogo, kwa sababu kukaa muda mrefu huweza kugandisha damu mguuni.

Shavu la mguu likivimba na kuuma, pumzi zikikatika, au kidonda kikitoa usaha pamoja na homa, mazoezi yasimame na mgonjwa apelekwe hospitalini mara moja.