Kama hujaelewa mnara, usiseme "sawa"

Ukiwa Kalamba, kule Makueni, ukasikia ndege ikipita juu, jua kuna mtu ndani anayeongea na mtu aliye chini. Wewe unayeota kuwa rubani, anzia hapo. Kabla ya usukani kuna mdomo.

Wanafunzi wengi wa urubani Kenya hujifunzia Uwanja wa Wilson, Nairobi. Ukibonyeza redio, sema kwa kifupi unamwita nani, wewe ni nani, uko wapi na unataka nini. Mwongozaji wa ndege akikupa maagizo, rudia yale muhimu: njia ya kurukia, urefu wa kupaa. Ukikosea, anakurekebisha hapo hapo.

Noma ni aibu. Marubani wengine wanakusikia, Kiingereza kinakwama, unaogopa kuonekana mshamba. Basi unajifanya umeelewa. Usithubutu! Mwaka 1977 kule Tenerife, rubani alianza kupaa bila ruhusa, akidhani ameipata. Ndege mbili ziligongana, watu 583 wakafa.

Na anga ya Wilson ina msongamano. Machi 5, 2024, ndege ya mafunzo iligongana na ya abiria iliyokuwa ikielekea Diani. Mwanafunzi na mwalimu wake walifariki.

Kwa hivyo lafudhi yako ya Kikamba isikutishe. Usiposikia vizuri, bonyeza redio uombe mnara urudie. Utaona aibu sekunde mbili tu, halafu utajua pa kupita.