Zanzibar "kila kitu ndani": kabla hujalipa, uliza bahari inaondoka saa ngapi

Wadau, kuna maneno matatu yanayowaponza watu wengi wanaotafuta hoteli ya ufukweni Zanzibar: kila kitu ndani. Unafungua tovuti, unaona mnazi umeinama, maji ya kijani mpaka kwenye ngazi za hoteli, na bei moja inayolipia kulala, kula na kunywa. Watu wawili wanaopanga fungate wanadunduliza miezi kadhaa, wanalipia siku tano. Wanafika, wanalala, wanaamka, wanakunywa chai. Saa nne asubuhi wanashuka na taulo zao, bahari haipo! Imeenda kule kwenye mwamba, unaona mstari mweupe tu wa mawimbi.

Hapo hakuna aliyetapeliwa. Picha ni ya kweli, ila ilipigwa maji yamejaa. Pwani yote ya mashariki ya Unguja, kuanzia Matemwe na Kiwengwa mpaka Bwejuu, Paje na Jambiani, ina mwamba wa matumbawe ulio mbali na ufuo, na katikati kina ni kifupi. Maji yakitoka panabaki mchanga, majani ya baharini na, sehemu kama Paje na Jambiani, akina mama wakienda kwenye mashamba yao ya mwani. Ni pazuri kwa kutembea, tena sana, lakini huogelei.

Waliokulia pwani wanajua hesabu yake. Maji yanajaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku yanachelewa kama dakika 50. Siku za bamvua, yaani mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, tofauti kati ya kujaa na kupwa inafika kama mita 4, na maji yanakauka mida hiyohiyo ya saa nne, saa tano asubuhi. Siku za maji mafu tofauti ni ndogo. Kwa hiyo kama umeipenda hoteli ya mashariki, angalia mwezi kabla ya kuchagua tarehe. Kama unataka kuogelea muda wowote, nenda kaskazini, Kendwa au upande wa machweo wa Nungwi. Huko kuna watu wengi na muziki wa usiku, sasa chagua mwenyewe. Ukiwa hapo kafe fungua ramani ya setilaiti: ukiona eneo pana la rangi nyepesi kati ya ufuo na mwamba, ujue hapo ndipo maji yanapokauka.

Tuje kwenye hela. "Kila kitu" kwa kawaida ni milo mitatu na vinywaji vya hapahapa nchini, tena kwa saa maalumu. Mvinyo wa nje, masaji, pikipiki za majini, safari ya kwenda kutazama samaki Mnemba na gari la kukutoa bandarini au uwanja wa ndege mara nyingi viko nje. Omba orodha kwa maandishi.

Halafu piga hesabu hii. Tuseme hoteli inataka 220,000 kwa usiku kwa watu wawili, pamoja na chai na chakula cha usiku, na 340,000 kwa kila kitu. Maana yake unalipa 120,000 kwa siku kwa ajili ya chakula cha mchana na vinywaji. Wewe hunywi bia, mwenzako anakunywa soda mbili. Jamani, nani anakunywa hizo laki na ishirini? Bei ile imepangwa kwa mgeni anayekaa baa toka asubuhi, na asiyekunywa ndiye anayemlipia. Ukiwa na watoto wanaotaka soda na chipsi kila baada ya saa moja, hapo hesabu inageuka, chukua tu.

Kuna na hili ambalo wengi hawaliwazi. Ukishalipia kila kitu unaona uchungu kula nje. Pweza anayechomwa kijijini unampita, mama wa urojo unampita, hata Forodhani unaona mbali, kwa sababu hela yako imeshabaki ndani ya uzio. Mwenye kibanda nje ya geti anawaona wageni mia na hauzi kitu. Mimi binafsi nachukua chai na chakula cha usiku, mchana najitafutia. Daladala namba 116 inafika Nungwi, 309 Jambiani.

Bei unayoiona kwenye mtandao mara nyingi ni ya mgeni wa ng'ambo. Piga simu, uliza bei ya mkazi. Hoteli nyingi wanayo kwa Watanzania na hata Wakenya na Waganda, ila utaonyesha kitambulisho. Masika, Machi mpaka Mei, bei zinashuka sana lakini mvua ni ya kweli, na baadhi ya hoteli zinafunga kabisa Aprili na Mei, basi ukipewa ofa ya Aprili uliza kwanza kama jiko na baa vyote vinafanya kazi.

Na malipo yaende kwenye akaunti yenye jina la hoteli. Mtu akikuambia utume kwenye namba yake ya simu "ili akuwekee chumba haraka", kata simu, tafuta namba ya mapokezi mwenyewe, uwapigie.